Mheshimiwa Waziri, Bwawa Langu Linakusalimu

Mheshimiwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi,
Mji wa Serikali, Mtumba,
Dodoma.

YAH: SHUKRANI ZISIZO NA KIFANI KWA USHAURI WA KUFUGA SAMAKI, PAMOJA NA OMBI DOGO LINALOTEMBEA NYUMA YA SHUKRANI HIZO

Husika na somo tajwa hapo juu.

Kwanza kabisa, shikamoo Mheshimiwa. Na kwa kuwa shikamoo ya kwanza huenda ikaishia mezani kwa katibu muhtasi, naomba uipokee na ya pili, ambayo ni yako peke yako. Mimi ni mfugaji mdogo wa samaki hapa Ujiji, upande wa bonde la Luiche, na naandika nikiwa na afya njema, isipokuwa mgongo, ambao ndio uliochimba bwawa.

Naomba radhi mapema kwa urefu wa barua hii. Sisi watu wa Ujiji heshima tumeikuta. Ni hapa, mwaka 1871, Stanley alipofika baada ya kutembea miezi mingi kutoka pwani akimtafuta Livingstone. Mzungu alikuwa mmoja tu mbele yake, hapakuwa na wa kumchanganya naye, na bado alivua kofia akamuuliza kwa adabu kama ndiye. Nitafuata mila hiyo, Mheshimiwa. Nitakuuliza kwa unyenyekevu mambo ambayo majibu yake wewe na mimi tunayajua.

Nianze na shukrani. Sina ugomvi na kufungwa kwa ziwa ili lipumzike kuvuliwa, na ningependa sentensi hiyo ipigiwe mstari na wasaidizi wako kabla hawajaendelea kusoma. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, la pili duniani nyuma ya Baikal la Urusi, lakini wingi huo wa maji unadanganya macho. Ukishuka mita 100 hadi 200 tu, oksijeni ya kumtosha samaki imekwisha. Dagaa wetu, migebuka wetu na sangala wetu wote wanaishi kwenye tabaka la juu, na riziki ya tabaka hilo inategemea upepo wa kusi unaovuma kuanzia Mei hadi Septemba na kuyapandisha maji ya chini yenye rutuba. Mwaka 2003 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliosema kwamba kadiri uso wa ziwa unavyopata joto, maji ya juu na ya chini yanazidi kukataa kuchanganyika, na rutuba inabaki huko huko kuzimu. Juu ya hilo sisi wenyewe tuliongeza vipe vyetu vya kuvulia dagaa, taa na nyavu za macho madogo. Kwa hiyo Serikali ilipolipumzisha ziwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, kwa kuafikiana na wenzetu wa Burundi, Kongo na Zambia, wengi wetu tulinung'unika kwa sauti ndogo tu, kwa kuwa tulijua sababu.

Shukrani za pili ni za ushauri. Kila kunapozungumzwa habari ya kufunga ziwa, viongozi wa ngazi zote hutukumbusha kwa upole kwamba samaki hawapatikani ziwani pekee, na kwamba mtu mwenye jembe na kaeneo kenye maji anaweza kuchimba bwawa akafuga. Ushauri huu ni mzuri na una ushahidi wa dunia nzima. Kwa hesabu za FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2022 ulikuwa wa kwanza kwa samaki na viumbe maji wengine wa kufugwa kuwazidi wa kuvuliwa. Misri inaongoza Afrika, na sehemu kubwa ya samaki wake hutoka mabwawani. Nani awezaye kubishana na Misri?

Hapa ndipo naomba ruhusa, kwa taadhima zote, ya kuuliza swali la kwanza. Perege akitunzwa vizuri, kwenye maji ya joto la nyuzi 25 hadi 30, huchukua miezi 6 hadi 8 kufikia gramu 250 au 300, ambazo ndizo mteja anaziita samaki. Aliyesikia ushauri siku ziwa linafungwa, akawa na bwawa ambalo limeshachimbwa na kujaa, akamwaga vifaranga jioni ile ile ya 15 Mei, ataanza kuvua katikati ya Novemba akiwa na bahati. Akiwa hana bahati ni Januari. Ziwa, kwa upande wake, linafunguliwa 15 Agosti. Je, Mheshimiwa, katika ile miezi mitatu tuliyoambiwa samaki wa bwawani atukimu, alitakiwa atukimu akiwa na ukubwa gani?

Sikuulizi ili ujibu. Nauliza kwa sababu majirani zangu wengine, wavuvi hodari ambao mikono yao imezoea kamba na makasia, walichimba wakati ule, wakiamini bwawa ni ziwa dogo. Mengi ya mabwawa hayo sasa yana vyura. Mvuvi amezoea kwenda usiku na kurudi asubuhi na fedha au na madeni, na yote mawili anayajua kabla jua halijawa kali. Kufuga ni kazi nyingine kabisa: unatoa fedha kila siku kwa miezi saba, na anayezipokea yuko chini ya maji, humuoni.

Naomba univumilie nikufanyie hesabu, maana huku mtaani tunaulizana sana kama bwawa linalipa, na majibu yanayotembea ni mawili tu: linalipa mno, au ni utapeli. Bei nitakazotaja ni za mfano, ila ni mfano ambao mfugaji yeyote wa hapa hataucheka.

Tuseme bwawa ni la mita 15 kwa 20, yaani mita za mraba 300. Unamwaga vifaranga 3 kila mita ya mraba, jumla 900. Katika hao, wengine watakufa njiani, wengine wataliwa na mdiria, na kenge naye ana haki zake. Tuseme wanabaki 720. Wakifika gramu 250 una kilo 180. Ili upate kilo moja ya samaki unahitaji karibu kilo mbili za chakula kwa jinsi sisi wadogo tunavyolisha, hivyo ni kilo 360. Kwa shilingi 2,500 kwa kilo, hiyo ni 900,000. Vifaranga kwa shilingi 200 kila mmoja ni 180,000. Ukiuza kilo kwa 9,000 unapata 1,620,000, unabakiwa na 540,000. Ni fedha. Lakini ni fedha ya miezi saba, sawa na kama 77,000 kwa mwezi, na bado hujamlipa mlinzi wa usiku, hujalipa chokaa, wala hujakumbuka kwamba bwawa lenyewe lilichimbwa na vibarua. Kama uchimbaji ulikula 1,500,000, mavuno ya kwanza ni ya vibarua, ya pili ni ya vibarua, na ya tatu sehemu kubwa ni ya vibarua. Yako inaanza mwaka wa tatu.

Sasa tazama, Mheshimiwa, bei ikishuka kutoka 9,000 hadi 7,000 kwa sababu dagaa na migebuka wamejaa sokoni. Mapato yanakuwa 1,260,000, na kilichobaki ni 180,000 kwa miezi saba. Tofauti ya shilingi 2,000 kwa kilo imekula theluthi mbili za faida. Ndiyo maana nasema bwawa linalipa, ila halilipi wakati wowote, na huo wakati ndio kiini cha barua hii. Nitaufikia. Kwanza nimalize heshima.

Kwenye hesabu ile umeona mwenyewe aliye mkubwa. Chakula huchukua sehemu kubwa kuliko gharama nyingine zote za kila msimu; wataalamu husema asilimia 60 hadi 70, na mimi mara nyingine nimeona hiyo ni kauli ya mtu mpole. Perege anayekua anahitaji protini kama asilimia 25 hadi 30 kwenye chakula chake, na kifaranga zaidi ya hapo. Protini hiyo sisi wa kandokando ya ziwa tumezoea kuipata kwa kusaga dagaa. Naomba urudie sentensi hiyo polepole, Mheshimiwa. Ziwa lilifungwa ili dagaa wazaliane. Tuliambiwa tufuge samaki kwa kuwa dagaa hakuna. Na samaki tuliowafuga wanataka dagaa. Miezi ile mitatu, dagaa aliyebaki ghalani akawa anagombewa na mama mwenye watoto sita na perege wangu 900, na sitaki kusema nani aliyeshinda, kwa sababu bei ilitushinda wote.

Chakula cha kuelea, kile cha viwandani, ni kizuri. Unamuona samaki anakuja juu kula, unajua ameshiba au anaumwa. Lakini kinatoka mbali na kila kilomita imo kwenye mfuko. Na hapa naomba kukupongeza kwa jambo ambalo si la wizara yako hata kidogo: michikichi. Mwaka 2018 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alisimamia kampeni ya kufufua zao hili mkoani kwetu, na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga kikawa kinazalisha mbegu bora. Miche imepandwa, mawese yanakamuliwa, na mise, yaani kokwa za michikichi, inakamuliwa pia. Baada ya mafuta ya mise kutoka, yanabaki mashudu. Si chakula kamili cha samaki, nakiri; protini yake haifikii ya soya na nyuzi zake ni nyingi, ukimlisha perege hayo peke yake atakuwa mrefu wa kichwa na mwembamba wa kiwiliwili. Lakini yakichanganywa na pumba za mpunga wa Luiche, soya, na dagaa kidogo badala ya dagaa wengi, gharama inashuka. Nimejaribu kuipigia hesabu: hata kama samaki atahitaji kilo mbili na nusu za mchanganyiko huu badala ya mbili, ukiutengeneza kwa shilingi 1,500 kwa kilo unatumia 675,000 mahali pa 900,000. Hizo 225,000 zinazobaki ndizo tofauti kati ya mtu anayeendelea kufuga na mtu anayegeuza bwawa lake kuwa shamba la magimbi.

Tunachokosa ni mashine ya kusaga, kuchanganya na kukamua tambi za chakula cha samaki, na mtu wa kutupimia protini ili tusilishane imani. Wenzenu wa Wizara ya Kilimo wana michikichi, ninyi mna samaki, na ofisi zenu ziko mji mmoja kule Mtumba. Sijui itifaki inasemaje kuhusu mawaziri wawili kunywa chai pamoja.

Nigusie vifaranga. Perege jike akishapevuka ni mzazi wa kutisha: hutaga, hubeba mayai mdomoni, na baada ya wiki chache yuko tayari kuanza tena. Bwawa lenye majike na madume huishia kujaa watoto wa ukubwa wa kidole, wakila chakula cha watu wazima na kugoma kukua. Dawa yake inajulikana: mfugaji anunue madume watupu, ambao hupatikana kwa kuwalisha vifaranga homoni katika wiki tatu hadi nne za mwanzo kwa uangalifu mkubwa. Muuzaji mmoja, ambaye simtaji na ambaye alikuwa na karatasi zenye mihuri, aliniuzia madume watupu. Mheshimiwa, kwa taadhima na unyenyekevu, madume wale walizaa. Nilifika bwawani asubuhi moja nikakuta vitoto ukingoni, na jirani yangu anayelima mpunga alikuja kunipongeza.

Serikali ina vituo vya kukuza viumbe maji, na majina yake tunayajua: Kingolwira kule Morogoro, Ruhila kule Songea, Mwamapuli kule Igunga. Ni vituo vya heshima. Tatizo ni kwamba kifaranga hasafiri kama gunia la mahindi. Anafungwa kwenye mfuko wa plastiki wenye maji kidogo na oksijeni nyingi, na saa zikizidi, anafika akiwa kitoweo cha paka. Hapa kwetu tunayo kampasi ya chuo cha uvuvi cha FETA pale Kibirizi, tunayo taasisi ya utafiti wa uvuvi, TAFIRI Kigoma, tunao vijana waliosomea kazi hii na sasa wanaendesha bodaboda. Kutotolesha vifaranga kwa wingi wa kuutosha mkoa mzima, kwa muhuri ambao jike hawezi kuuvuka, si jambo la kutafutiwa wataalamu kutoka ng'ambo.

Sasa, kwa ruhusa yako, nizungumzie mlango wa kugonga. Wizara yako ina Mifugo mbele na Uvuvi nyuma. Sisi ni wafugaji, lakini mifugo yetu ni samaki. Ukimwendea bwana mifugo anakutazama kwa huruma, maana yeye alisomea ng'ombe. Ukimwendea bwana samaki, yuko ziwani anakimbizana na makokoro haramu, na hiyo ndiyo kazi tuliyomtuma. (Kwa njia, hata mimi ninalo kokoro dogo la kuvulia bwawani, na nimejifunza kulibeba likiwa ndani ya gunia, kwa sababu maelezo ya kwamba ni la bwawani huwa marefu.) Najua ipo idara nzima ya ukuzaji viumbe maji huko juu, nayo naiheshimu. Nashuhudia tu kwamba ikishuka kutoka Dodoma hadi kijijini huwa imechoka.

Kuhusu sheria nitasema kidogo, maana sheria ni za kutii. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe wa ziwa. Ni sheria ya busara. Bila hiyo Mto Luiche ungekuwa mfereji. Ila bwawa linahitaji maji, na maji yana tabia ya kupenda kukaa karibu na mto. Kisha miaka hii ziwa limepanda, mwambao wa Kigoma na Ujiji umeona nyumba na mialo ikiingiliwa na maji, na Bujumbura hali ilikuwa mbaya zaidi. Mtu aliyepima mita zake 60 kwa uaminifu akachimba, ameamka na kukuta yuko ndani ya mita 20 bila yeye kusogea hata hatua. Je, Mheshimiwa, mita hizo zinapimwa kutoka kwenye ziwa la mwaka gani? Kuna pia kibali cha kutumia maji kutoka Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika, na kuna vibali vya mazingira. Kila kimoja kina sababu yake. Mfugaji wa bwawa moja anaomba tu avikute vyote dirisha moja, kwa fomu anayoweza kuisoma bila kukodi mtu.

Na mikopo. Nashukuru kwa vizimba na boti ambazo Rais alizindua ugawaji wake pale Mwanza Januari 2024, ingawa kizimba kinahitaji mfuko mnene kuliko wangu. Nashukuru pia kwa ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, iliyositishwa 2023 na ikarudi. Ombi letu kwa wakopeshaji wote ni moja: mkopo wa samaki usidaiwe marejesho mwezi wa pili. Mwezi wa pili samaki wangu ana gramu 40. Nikimuuza huyo ili nirejeshe, nimewarudishia mtaji wao na kuua wangu.

Pengine wasaidizi wako watasema soko si tatizo, watu wanapenda samaki. Watu wa Kigoma wanapenda samaki mno, na hilo ndilo tatizo. Mama aliyekulia kwa migebuka wa kuchoma na kuhe wa nazi si mteja wa kudanganywa. Anamchukua perege wangu, anamnusa, ananiuliza: "Baba, huyu si ana tope?" Na mara nyingine kweli ana tope. Dawa yake ni kuwahamishia samaki kwenye maji safi yanayopita, bila chakula, kwa siku mbili tatu kabla ya kuuza. Wengi hatufanyi, kwa sababu maji yanayopita hatuna, au kwa sababu mteja amekwisha kufika na fedha mkononi. Kule milimani Kasulu na Buhigwe mteja ni mpole zaidi, lakini maji ya kule yana baridi na perege hukua kwa kusuasua.

Hata hivyo mama huyo huyo, kuna siku hanusi. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi gizani kwa taa. Mbalamwezi ikijaa, taa hazina kazi, vipe vinakaa ufukweni, na soko la Mwanga linakuwa jeupe. Siku hizo perege wangu ni mgebuka. Mfugaji mwenye akili huvua kidogo kidogo kwa kufuata mwezi, na ni jambo nililofundishwa na wachuuzi wa kike, si na kijitabu chochote.

Basi tumefika kwenye wakati, Mheshimiwa. Kama mbalamwezi ya siku chache inainua bei, mapumziko ya ziwa ya miezi mitatu yanafanyaje? Kwa miaka yote ziwa linapofungwa Mei hadi Agosti, huo ndio msimu wa soko la bwawa, na kwa bahati ambayo sijui niishukuru ofisi gani, hali ya hewa ya Kigoma imekwisha kuupangia ratiba. Mvua zetu huanza karibu na Novemba na kuendelea hadi Aprili. Bwawa likijazwa na vifaranga wakamwagwa mwishoni mwa Oktoba au Novemba, samaki anatimiza miezi saba kuanzia mwisho wa Mei hadi Juni, ziwa likiwa limefungwa na bei iko juu. Unavua Juni na Julai. Agosti na Septemba, maji yakiwa yamepungua hata hivyo, unakausha bwawa, unatoa tope, unamwaga chokaa, unaliacha lipigwe jua. Oktoba unaanza tena. Bwawa halichukui nafasi ya ziwa. Linaingia pale ziwa linapotoka.

Lakini ratiba hii ina masharti ambayo mimi na jembe langu hatuwezi kuyatimiza. Tarehe za kufunga na kufungua zinatakiwa zijulikane kabla ya Oktoba ya mwaka uliotangulia, zitangazwe kwa uhakika na zisisogezwe, kwa sababu mimi naweka fedha yangu majini miezi saba kabla yenu hamjafunga mlango. Vifaranga vinatakiwa vipatikane Oktoba na Novemba, si Mei baada ya tangazo. Na chakula kinatakiwa kitengenezwe hapa, kabla dagaa hawajapanda bei, kwa mise yetu.

Usitupe mabwawa, Mheshimiwa. Hilo nalisema kwa heshima kuliko yote niliyosema. Mwaka 2009 wenzetu wa Kenya, kwenye mpango wa kuchangamsha uchumi, waliamua kuchimba mabwawa 200 katika kila jimbo kati ya majimbo 140. Ni mabwawa 28,000. Yalichimbwa kweli, vifaranga na chakula vikagawiwa, na Wakenya wengi walijifunza kula samaki ambao hawakuwahi kuwapika. Ulipofika wakati wa mfugaji kununua chakula kwa fedha yake, na vifaranga bora vikawa havipatikani karibu, mabwawa mengi yakaachwa. Mashimo tunayo ya kutosha, na mgongo wa kuchimba mengine tunao. Kinachotushinda ni vile vitu viwili vinavyotumbukizwa ndani yake.

Nafahamu, Mheshimiwa, kwamba una ng'ombe wa nchi nzima wa kuwafikiria, una bahari, una Victoria na Nyasa, na kwamba mtu mwenye mita za mraba 300 hapaswi kuchukua nafasi kubwa kwenye meza yako. Kwa hiyo nahitimisha kwa kukuomba jambo moja lisilogharimu bajeti: kabla ya mwisho wa Septemba mwaka huu, tangazo la tarehe za kupumzisha ziwa mwakani libandikwe kwenye mialo ya Kibirizi, Katonga na Ujiji, na chini ya tangazo hilo paandikwe mahali ambapo vifaranga vitauzwa Oktoba, kwa bei gani, na nani atawajibika madume wakizaa.

Wako mtiifu katika ujenzi wa Taifa,

Mfugaji mdogo wa samaki,
Bonde la Luiche, Ujiji,
Kigoma.